Mabloku niliyoyaacha pwani Tanga

Nimerudi Jumapili kutoka Tanga na mgongo umekataa kunyooka, manake kubeba bloku la zege la kilo thelathini na kitu kwenye mchanga laini huku maji yanajaa nyuma yako sio kazi ya mtu aliyevuka arobaini. Mke wangu ananiuliza kwani hizo zege za maabara hazikutoshi mpaka ufuate zingine baharini, nikasema ngoja niandike, kwa sababu hata wateja wananiuliza swali hilohilo kwa namna nyingine.

Kwa mgeni wa hii blogu, mi kazi yangu ni kuvunja kyubu, yaani vibonge vya zege vya kupimia nguvu. Niko kwenye maabara ya vifaa vya ujenzi hapa Dar, watu wa saiti wanaleta kyubu zao za sentimita 15, siku ya 7 tunavunja, siku ya 28 tunavunja zilizobaki, namba ya nguvu inaandikwa, mtu anaondoka na karatasi yake. Na kila wiki lazima atokee mmoja, mara nyingi ni mwenye nyumba mwenyewe sio injinia, anashika ile karatasi anasema "eeh, 31, kwa hiyo hapa nina uhakika wa miaka mia." Zamani nilikuwa natabasamu tu. Siku hizi namwambia mzee wangu, hii karatasi inasema zege yako inabeba mzigo leo, haijasema itakufa lini.

Halafu kyubu yenyewe ni mtoto wa kishua. Imeshindiliwa vizuri, imefunikwa, kesho yake imetolewa kwenye moldi ikalazwa ndani ya tanki la maji karibu mwezi mzima. Nguzo iliyotoka kwenye karai lilelile imelelewa na kijana mmoja mwenye ndoo ambaye siku ya tatu alihamishiwa saiti nyingine, jua la Januari likabaki nayo. Wametoka tumbo moja ila huwezi kumpima mmoja ukamtibu mwingine.

Na kinachoua zege ya kwetu pwani mara nyingi hata sio zege, ni nondo iliyo ndani. Zege nzima ina ualkali mkali, yaani kinyume cha asidi, pH ya 12.5 kwenda 13, kwenye hali hiyo chuma kinajivika ngozi nyembamba sana isiyoonekana na hakipati kutu. Vitu viwili vinaivunja hiyo ngozi. Kimoja ni hewa ya ukaa inayoingia polepole na kuushusha ule ualkali. Kingine ni chumvi, na chumvi haisubiri ualkali ushuke, inatoboa tu ngozi palepale. Kutu ikianza inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, mara mbili mpaka mara sita, kwa hiyo inaisukuma zege kutoka ndani, unaona mstari wa ufa unafuata nondo kama umechorwa na rula, halafu vipande vinaanza kudondoka barazani. Tembea mtaa wowote wa karibu na bahari uangalie chini ya balkoni utanielewa.

Sasa swali la mteja ni la haki kabisa, itachukua miaka mingapi? Shida ni kwamba analeta swali la miaka 50 Jumatatu na anataka jibu Ijumaa. Ndo hapo tunapovundika. Unajua ndizi ya kuvundika, hujaisubiri mgombani, umeikata mbichi ukaifukia na moshi juu, siku chache ni njano. Testi karibu zote za maabara za uhai wa zege ni kuvundika. Huwezi kusubiri bahari ipeleke chumvi miaka 20 kwa hiyo unaisukuma kwa umeme, huwezi kusubiri hewa ya ukaa kwa hiyo unaijaza kwenye kabati. Inafanya kazi, mi mwenyewe nala mshahara kwa hiyo. Ila kila aliyewahi kula ndizi iliyovundikwa vibaya anajua rangi na utamu ni vitu viwili.

Chukua ile ya umeme. Unakata kipande cha duara kipenyo milimita 100 unene 50, upande mmoja maji ya chumvi upande wa pili maji ya sodiamu haidroksaidi, unapitisha volti 60 kwa masaa 6 unahesabu umeme uliopita kwa koulombi. Zaidi ya 4,000 zege yako ni chujio, chini ya 1,000 umefunga mlango vizuri. Imetokana na kazi ya David Whiting kule Marekani mwaka 1981 na dunia nzima inaitumia kwa sababu ni rahisi na ni ya siku moja. Ila fikiria kinachopimwa. Umeme unabebwa na kila ioni, yaani chembe yenye chaji, iliyomo kwenye maji ya matundu ya zege, sio chumvi peke yake. Ukiweka dawa fulani ya kuzuia kutu aina ya kalsiamu naitraiti, namba inapanda na zege haina kosa. Zege mbovu inapitisha umeme mwingi, inapata moto, ikipata moto inapitisha zaidi, kwa hiyo mbovu inaonekana mbovu kuliko ilivyo. Na kubwa kuliko yote kwa sisi, saruji yenye pozolana, yaani unga kama majivu ya volkano, ina uvivu wa kuanza, ukiipima siku ya 28 unampima mtoto ambaye hajaota meno, ipe siku 90 uone.

Kabati la hewa ya ukaa nalo lina hesabu tamu. Hewa ya nje ina hiyo gesi kama asilimia 0.04, kabatini unaweka asilimia 4, yaani mara 100. Kina cha kupenya kinakwenda na kipeuo cha pili cha gesi ukizidisha na muda, kwa hiyo kwenye karatasi siku 70 za kabatini ni kama siku 7,000 za nje, miaka 19. Nani hapendi hesabu kama hiyo! Lakini ukuta wa nje unanyeshewa, na zege iliyolowa gesi haipiti, kabati halina masika wala vuli, lina unyevu uleule usiku na mchana. Na gesi ikiwa nyingi hivyo kemia inabadilika kidogo, zege za pozolana zinaonewa. Kipimo chenyewe nakipenda hata hivyo, unapasua zege unapuliza fenolifthalini, dawa inayobadilika rangi penye ualkali, sehemu iliyo nzima inageuka zambarau ya nguvu na iliyokufa inabaki na rangi yake, hata mteja asiyejua kusoma grafu anaona mpaka umefika wapi.

Nisieleweke vibaya, sidharau maabara. Mi naona maabara inajua kupanga mstari, haijui kuhesabu miaka. Ukileta zege nne ntakuambia ipi ni ya kwanza na ipi ya mwisho, na hata hapo kuna siku naumbuka. Ukitaka miaka lazima kuna mtu mahali fulani aliacha zege nje akavumilia.

Na waliovumilia wapo aisee. Anayenikosha kuliko wote ni Isami Hiroi, injinia Mjapani aliyezaliwa 1862. Alipewa kujenga ukuta wa kuzuia mawimbi bandari ya Otaru, kisiwa cha Hokkaido, kazi ikaanza 1897 ikaisha 1908. Wakati huo Japani walikuwa wameshapata aibu Yokohama, mabloku ya zege ya bandari yalipasuka baharini, watu wakaanza kusema saruji na maji ya chumvi haviendani. Hiroi akachanganya saruji na majivu ya volkano, na hakuishia hapo kusema niaminini, akatengeneza vipande vidogo vya mota, yaani saruji na mchanga bila kokoto, vyenye umbo la namba 8, kiunoni vyembamba ili vishikwe pande mbili na kuvutwa mpaka vikatike. Vingine vikakaa hewani, vingine maji baridi, vingine maji ya bahari. Hesabu inayotajwa ni vipande kama 60,000. Fikiria hilo. Kila baada ya muda wanachukua vichache wanavivuta wanaandika. Hiroi amekufa 1928 na vipande vyake vikaendelea kuvutwa na watu ambao hawakumjua, na baada yao wengine, hadi imepita miaka mia na ukuta wenyewe bado umesimama unapigwa na mawimbi.

Nikisoma habari ya Otaru huwa najiuliza yule kijana wa maabara wa kwanza kabisa, aliyekuwa anaambiwa na bosi wake tengeneza vingine elfu, alikuwa anafikiria nini. Mi nikimwambia wa kwangu atengeneze kyubu sita za ziada ananuna.

Marekani nao, chuo cha Wisconsin pale Madison, Owen Withey alianza 1910 kutengeneza silinda za zege, akaongeza kundi la 1923 na la 1937, nyingi zikaachwa uani nje zipigwe na theluji na jua, na zikawa zinavunjwa mpaka zikafika miaka 50. Zege za saruji za zamani, zile zilizosagwa kwa chenga kubwa, ziliendelea kupanda nguvu miaka yote 50. Zile za 1937 ambazo saruji yake ilisagwa laini zaidi zilifika kileleni kati ya miaka 10 na 25 halafu zikaanza kushuka kidogo. Na saruji tunayoinunua leo ni laini kuliko ya 1937, kwa sababu kila mtu anataka kubomoa mbao za fomu kesho kutwa. Sisemi saruji ya leo ni mbaya, ila hakuna silinda ya siku 28 ambayo ingekuonyesha hilo.

Kuna na pale Treat Island jimbo la Maine, jeshi lao la wahandisi wameweka zege tangu 1936 kwenye jukwaa la usawa wa katikati ya kupwa na kujaa. Maji yanapanda na kushuka kama mita 6, wakati wa baridi zege ikitoka majini inaganda ikizama inayeyuka, zaidi ya mara mia kwa msimu mmoja. Sisi barafu haituhusu, ila wazo la kuiweka pale katikati ndo nililoiba.

Kwa hiyo 2014 nikatengeneza mabloku kumi. Hakuna mtu alinituma, nilikuwa na mabaki ya saruji ya kazi nyingine na mkuu wangu alifumba macho. Sentimita 30 kwa 30 kwa 15, ndani nondo mbili za milimita 12, moja ina kava, yaani unene wa zege unaoifunika, ya milimita 25 kutoka upande wake na nyingine 50 kutoka upande wa pili. Matano ya saruji ya kawaida tupu, matano yenye pozolana, uwiano wa maji na saruji 0.5 yote. Nikayawekea vipete vya chuma cha pua juu ili iwe rahisi kuyanyanyua, na hivyo vipete ndo vilileta kesi baadaye. Mawili nikayaacha maabara kwenye beseni la maji ya chumvi gramu 35 kwa lita kama bahari. Manane nikapeleka kwa mjomba wangu Tanga, kijiji cha wavuvi, manne kwenye mwamba ambao maji yanaufunika yakijaa na kuuacha yakipwa, manne kwenye banda lake la kuwekea nyavu lenye paa la zege, mawili juu peupe na mawili chini ya upenu.

Mjomba aliniangalia nikiyapanga akasema, "Mpwa wangu, watu wanatoa mawe baharini kujengea, wewe unaleta."

Baada ya siku 90 nikachimba unga kutoka kwenye bloku la beseni, milimita kwa milimita, nikapima chumvi kwa silva naitreti, nikachora mchoro nikapiga hesabu kama vitabu vinavyotaka. Saruji tupu, kava ya 25, hesabu ikaniambia chumvi ya kutosha kuanza kutu itafika mwaka wa 11 hivi. Nikaandika kwenye daftari kwa peni nyekundu. Bloku la pozolana nililipitisha kwenye testi ya koulombi siku ya 28 likatoka baya kuliko mwenzake, nikaandika na hilo, nikaweka alama ya kuuliza.

Mwaka wa sita mjomba ananipigia, "Lile jiwe lako moja linalia." Nikadhani mzaha. Nilipofika nikakuta bloku la saruji tupu kwenye mwamba lina ufa kwa upande wa kava ya 25, ufa umenyooka na unachuruzika maji ya rangi ya chai, kweli lilikuwa linalia. Mwaka wa sita! Sio 11, na kumbuka kutu inaanza kabla ya ufa kuonekana, kwa hiyo hesabu yangu ilikosea kwa zaidi ya nusu.

Ilinichukua muda kukubali kosa lilipo, na lilikuwa jepesi. Beseni langu limejaa maji siku zote, chumvi inapenya kwa kutembea polepole ndani ya matundu yaliyojaa. Kwenye mwamba maji yanapwa, jua linakausha ngozi ya bloku mpaka inakuwa na kiu, maji yakijaa linanywa kwa nguvu, maji yakipwa tena linakauka na chumvi inabaki. Mara mbili kwa siku. Bamvua na maji mafu nayo yanabadilisha muda wa kukauka, kuna siku bloku linapata jua masaa matano kuna siku halipati kabisa. Ni kama mtu anayekausha dagaa, hamwagi chumvi nyingi siku moja, anairudishia. Hakuna beseni linalofanya hivyo kama hujalilazimisha.

Sasa upande wa pili wa bloku lilelile, nondo yenye kava ya 50, ilikuwa bado safi. Ukitaka kitu kimoja cha kwenda nacho saiti ni hicho, kina kinakwenda na kipeuo cha pili cha muda, kwa hiyo kuongeza kava mara mbili hakukupi miaka mara mbili, kunakupa kama mara nne. Na kava inategemea ile biskuti ya zege ya kuinulia nondo ambayo fundi anaona ni usumbufu anaweka kokoto badala yake, kokoto inateleza siku ya kumwaga, nondo inalala chini kwenye fomu. Nimeona slabu ambayo karatasi zake zote zimepita na kava yake ni ngozi ya plasta tu.

Pozolana ikaniumbua kwa upande mwingine. Mwaka wa 10, ambao ulikuwa 2024, nikapasua moja la mwambani nikapuliza silva naitreti, pale penye chumvi panageuka peupe na pengine pote kahawia, na weupe uliishia kabla ya nondo ya kwanza. Lile bloku ambalo maabara ilisema ni la mwisho. Kwa hiyo maabara yangu ilikosea mara mbili, mara moja kwa kusifia na mara moja kwa kuponda, na hakuna namna ningejua kwa kukaa Dar.

Kuna la paa pia, dogo ila linanifurahisha. Nilidhani yale ya peupe yanayopigwa na upepo wa bahari ndo yatakuwa na chumvi nyingi. Kumbe yale ya chini ya upenu. Upepo wa kusi unaleta chumvi kote, ila masika inayaosha ya peupe na ya upenuni hayaoshwi na chochote, yanakusanya tu. Baadaye nikakuta Wanorwe waliliona hilo zamani kwenye daraja la Gimsøystraumen kule Lofoten, lilijengwa 1981 na haikupita miaka mingi zaidi ya kumi likawa na kutu, walipochunguza chumvi ilikuwa nyingi zaidi upande uliojificha na upepo, sio upande unaopigwa. Mimi na paa la banda la nyavu tumefika palepale.

Najua kuna watakaosema siku hizi kuna programu, na kweli ipo kama Life-365, ya bure, unaingiza mchanganyiko na mji na kava inakutolea miaka. Naitumia. Ila angalia kinachofanyika ndani. Zege inavyozeeka matundu yake yanaziba, kwa hiyo kasi ya chumvi inapungua mwaka hadi mwaka, na upungufu huo unawakilishwa na namba moja tu inayoitwa m. Kwa saruji tupu wanachukua 0.2, kwa zege yenye majivu ya makaa ya mawe au slagi (taka za tanuru la chuma) nyingi inafika 0.6. Piga hesabu kutoka siku ya 28 mpaka mwaka wa 25, kwa 0.2 kasi inabaki kama theluthi moja, kwa 0.6 inabaki kama asilimia 3. Tofauti ya mara kumi! Na namba hiyo huipati kwenye koulombi wala kwenye kyubu, unaipata kwa zege iliyokaa nje miaka mingi, na nyingi ya zege hizo zimekaa kwenye bahari za baridi. Joto peke yake, ukitumia hesabu za programu hiyohiyo, kutoka nyuzi 8 mpaka nyuzi 27 kasi inapanda kama mara mbili na nusu. Kwa hiyo mtu akikuletea ripoti ya miaka 120 ya jengo la ufukweni muulize m kaitoa wapi, uone anavyotafuta miwani.

Afrika Kusini wenzetu wana njia ninayoiona ya akili, Mark Alexander na Yunus Ballim na wenzao walitengeneza vipimo vitatu vya haraka, cha oksijeni kupenya, cha kunyonya maji na cha chumvi, na wanavifanya kwenye vipande vilivyochimbwa kutoka kwenye kazi yenyewe sio kyubu ya kishua tu. Yule kijana mwenye ndoo anaonekana hapo. Mkandarasi akijua utachimba kwenye ukuta wake anamwagilia bila kukumbushwa.

Wazee wa kijiweni huwa wananikatisha hapa, "Mbona Kilwa imesimama miaka mia saba bila hayo madude yenu?" Kweli, lile jumba la Husuni Kubwa ni la karne ya 14 na kuta zipo. Ila ni mawe ya matumbawe na chokaa, hakuna nondo ndani, kwa hiyo hakuna cha kushika kutu, na paa nyingi zilishaanguka, na nyumba zilizoanguka zote huzioni kwa sababu zimeanguka. Hapo mjadala huwa unahamia kwenye mpira.

Nilisema vipete vilileta kesi. 2018 nilikuta moja ya mabloku ya saruji tupu halipo mwambani. Nikauliza kijiji kizima, watoto wakacheka wakakimbia. Mpaka nikamwona mzee mmoja, ana dau, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamuuliza kama ameona jiwe la mraba lenye pete. Akasema analo, ni nanga yake, nanga nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo, halina shida na Mungu anibariki. Nifanyeje? Nikaliacha. Nikamwomba tu siku ataponunua nanga nyingine aniwekee.

Safari hii alinipa, manake kamba ilikatika likazama mbele ya kijiji, vijana wakalizamia akakumbuka maneno yangu. Limeota chaza kila upande. Nikalipasua pale pale kwenye kivuli cha mkungu, nusu ya kijiji wanaangalia. Chumvi ilikuwa imepita mpaka nondo zote mbili, ya 25 na ya 50, weupe mtupu, kwa hesabu ya vitabu hilo bloku lilipaswa kuwa limekufa. Na nondo zilikuwa safi, unaweza kuona hata alama za kiwandani. Limekaa chini ya maji muda mwingi, na chini ya maji oksijeni ni kidogo mno, kutu haina cha kupumua. Lile ndugu yake la mwambani, saruji moja siku moja, limeshagawanyika vipande. Nimekuwa nikiwafundisha vijana kazini kwamba chumvi bila oksijeni haitoshi, nimechora ubaoni mara nyingi tu, ila sikuwahi kuishika mkononi mpaka mzee wa dau aliponiibia.

Ndo maana nimerudi na mgongo mbovu, nimepeleka mengine sita. Safari hii nimeweka na la kava ya 75, na moja ambalo kwa makusudi nilimwambia kijana wangu wa maabara alimwagilie siku mbili tu kama wanavyofanya saiti. Beseni la maabara nimeliwekea pampu ya saa ya umeme, linajaa na kupwa lenyewe mara mbili kwa siku, na taa ya joto juu, mkuu ameuliza bili ya umeme nani analipa. Nimemwonyesha kijana mwamba, nimemwandikia tarehe kwenye daftari, kusoma 2026, 2029, 2034. Hiyo ya mwisho akahesabu vidole akaniangalia, "Bosi, wewe si utakuwa umekaribia kustaafu?" Nikamwambia ndo maana nimekuleta wewe.

Yule mzee alikuwa amekaa juu ya dau anatutazama tukipanga. Akasubiri tumalize, akaniita pembeni kwa heshima kabisa.

"Mwanangu, hili la mwisho pete yake ndogo. Mwaka ujao ukija, weka kubwa kidogo, kamba yangu ni nene."